HIMA: MSITU WA JOZANI KATIKA MIZANI YA DINI YETU



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao hadi siku ya malipo.

Wapendwa wanafunzi, na nyinyi wazee wetu mnaosoma gazeti hili pamoja na watoto, somo letu la safari hii limetokana na suali. Siku moja tulipokuwa tunazungumzia amana, mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono akasema: "Maalim, miti ameiumba Mwenyezi Mungu, na babu yangu alikuwa akikata kuni Jozani tangu ujana wake. Leo anaambiwa ni marufuku. Huko si kumdhulumu mtu haki yake?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu suali lile ni zito na watu wazima wengi wanalo moyoni ila wanaona haya kulisema. Kumjibu mtoto kwamba "ndiyo sheria, basi" hakutoshi. Muislamu hupima mambo kwa Qur'an na Sunna. Kwa hivyo tutautazama kwanza msitu wenyewe, kisha tutaona dini inasemaje, halafu turudi kwenye suali la mwenzetu.

1. JOZANI NI MAHALA GANI?

Msitu wa Jozani upo Unguja, kiasi cha kilomita 35 kusini mashariki ya Mji wa Zanzibar. Mwaka 2004 msitu huo pamoja na maeneo ya jirani ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, nayo ndiyo hifadhi ya taifa ya mwanzo kuwekwa Zanzibar. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 50. Mwaka 2016 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiingiza Jozani na Ghuba ya Chwaka katika orodha ya hifadhi zake za dunia za viumbe na mazingira, yaani mahala ambapo watu na maumbile hutakiwa kuishi pamoja bila ya mmoja kumuangamiza mwenzake.

Ndani ya hifadhi hiyo hamna msitu wa aina moja. Kuna aina tatu kubwa za ardhi, na ni vyema mzijue:

(a) Msitu wa majimaji. Jozani penyewe ni bonde. Maji ya ardhini yapo karibu sana na juu, na wakati wa masika hujaa na kutuama baina ya miti. Humo mna mitondoo mikubwa, michikichi, mikadi na mikangaga. Wazee wetu waliujua mtondoo kuwa ni mti wa kuundia vyombo vya baharini.

(b) Msitu wa maweni. Huu umeota juu ya mawe ya matumbawe ya zamani. Udongo wake ni haba, miti yake ni mifupi na migumu, nayo hukua polepole. Ukikatwa leo huchukua miaka mingi kurudi ulivyokuwa.

(c) Mikoko. Hii ipo Ghuba ya Chwaka upande wa kaskazini, na katika kijia cha bahari cha Pete upande wa kusini. Humo mna mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana na mkomafi. Kila mmoja una mahala pake kwa kadiri unavyostahamili maji ya chumvi.

Vijiji vinavyouzunguka msitu huu ni pamoja na Pete, Kitogani, Ukongoroni, Charawe na Chwaka. Watu wa vijiji hivi ni wakulima, wavuvi, wafugaji na wakulima wa mwani. Hawakuja jana, na wazee wao wamezikwa huko huko.

2. MAJI YALIYOHIFADHIWA ARDHINI

Wanafunzi wengi hudhani msitu ni miti tu. Tazameni jambo la maji. Kisiwa chetu hakina mito mikubwa. Maji tunayokunywa, tunayotilia udhu na tunayoogeshea maiti wetu, kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, katika visima na mapango. Mvua ikinyesha hupenya baina ya mawe na kukaa huko chini.

Msitu unasaidia kazi hiyo. Majani ya juu huvunja nguvu ya mvua, majani yaliyooza chini huyanyonya maji kama sifongo, na mizizi huyafungulia njia ya kuingia ardhini. Pakibaki peupe, jua hukausha udongo na mvua hubeba ule udongo haba uliopo juu ya mawe.

Katika Suratul Mu'minuun, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba Yeye ndiye aliyeteremsha maji kwa kipimo na kuyatuliza ardhini, na kwamba anao uwezo wa kuyaondoa. Anayeisoma aya hiyo huku akitazama bonde la Jozani wakati wa masika ataifahamu zaidi.

Mikoko nayo ina kazi yake. Mizizi ya mchu na mlilana huchomoza juu ya tope kama kalamu zilizochomekwa, ili ipate hewa, kwa kuwa tope la pwani halina hewa ya kutosha. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado inaning'inia mtini kwa mamaake, kisha hudondoka kama mkuki na kuchoma topeni, au huchukuliwa na maji hadi mahala pengine. Subhanallah! Baina ya mizizi hiyo samaki wadogo, kamba na kaa hupata maficho na chakula. Mikoko pia hupunguza nguvu ya mawimbi na kuzuia ardhi isiliwe na bahari. Kwa hivyo anayemaliza mikoko ya Chwaka anapunguza kitoweo cha mvuvi ambaye pengine hajapata kumuona.

3. KIMA PUNJU

Mnyama aliyeipa Jozani jina duniani ni kima punju. Mgongo wake ni mwekundu, uso wake mweusi, na nywele za kichwani zimesimama kama za mtu aliyeamshwa usingizini. Asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vilivyo karibu nayo, na miaka ya 1970 wachache walipelekwa msitu wa Ngezi kule Pemba. Akimalizika huku kwetu, hapana nchi nyengine ya kwenda kumtafuta.

Kima huyu hula zaidi majani machanga, na tumbo lake lina sehemu kadhaa za kuyachachua majani hayo. Matunda matamu yaliyoiva hayamfai. Watafiti walimuona pia akila makaa. Majani ya miembe na mikungu yana vitu vinavyoweza kumdhuru, na inaaminika kwamba makaa humsaidia kuvinyonya vitu hivyo. Nani aliyemfundisha dawa hiyo?

Jina lake "punju" maana yake ni sumu. Wapo watu waliomchukia wakisema anaua miti na anamaliza minazi. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika mashamba ya jirani na Jozani. Watafiti walihesabu vidaka vilivyoliwa na kima, kisha wakatazama na mavuno ya nazi. Waliona kwamba penye vidaka vingi vilivyoliwa mavuno hayakupungua, bali yalikuwa makubwa zaidi. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi, na kuna uwezekano kwamba ukipunguziwa vidaka hulea vizuri vile vinavyobaki.

Hata hivyo tuseme haki. Mkulima anayeishi jirani na msitu hupata hasara kwa mazao mengine anapoliwa shambani mwake, na hasara hiyo haiondoki kwa kuhesabu nazi. Tutarudi kwenye jambo hili.

Hesabu kubwa iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kwamba kima punju walikuwa zaidi ya 5,800. Idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa kabla, lakini bado yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Wengine hugongwa na magari katika barabara kuu inayopita Jozani. Matuta yaliyowekwa barabarani yamepunguza vifo hivyo lakini hayakuvimaliza.

Katika Suratul An'aam, aya ya 38, tunafundishwa kwamba wanyama wanaotembea ardhini na ndege wanaoruka ni umma kama sisi tulivyo umma. Basi anayemgonga kima kwa mwendo wa kasi na kucheka, na ajiulize amecheka nini.

4. HIFADHI KATIKA UISLAMU: HIMA

Baadhi ya watu hudhani hifadhi ya misitu ni fikra iliyoletwa na wageni. Sivyo. Waarabu walikuwa na neno hima (kwa Kiarabu himaa), maana yake ardhi iliyokingwa isilishwe ovyo wala isikatwe ovyo. Lakini tazameni jinsi Uislamu ulivyoibadilisha hima hiyo.

(a) Hima ya Jahiliyya. Kabla ya Uislamu, mkubwa wa kabila mwenye nguvu alikuwa akijichukulia malisho mazuri kwa ajili ya wanyama wake peke yake na kuwafukuza wengine. Mtume (S.A.W.) aliivunja desturi hiyo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa As-Sa'b bin Jaththama (R.A.), alibainisha kwamba hapana hima ila iwe ya Allah na Mtume wake. Wanavyuoni wameifahamu kwamba ardhi haikingwi kwa tamaa ya mtu binafsi, bali kwa maslaha ya Waislamu wote. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliikinga An-Naqi', jirani na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

(b) Haram za Makka na Madina. Siku ya Ufunguzi wa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alitangaza utukufu wa mji ule: mimea yake isikatwe na mawindo yake yasishituliwe. Hapo Al-Abbas (R.A.), ami yake Mtume, aliomba yaachiwe majani yanayoitwa idhkhir, kwa sababu watu wanayahitajia katika nyumba zao na makaburi yao. Mtume (S.A.W.) akayaruhusu. Madina nayo aliiwekea mipaka, na miti iliyo ndani yake ikakatazwa kukatwa.

Zingatieni kisa cha idhkhir. Katazo lilikuwa kubwa, tena la mji mtukufu kuliko yote, lakini haja ya lazima ya watu ilisikilizwa, na aliyeisema hakukemewa. Nasi huku kwetu tunahitaji boriti kwa nyumba zetu na viunza kwa makaburi yetu, kwa hivyo kisa hiki kinatugusa khasa.

(c) Hima ya Sayyidna Umar (R.A.). Alipokuwa Khalifa, Umar aliikinga ardhi ya Ar-Rabadha na akamuweka mtumishi wake aliyeitwa Hunayy aisimamie. Usia aliompa umo katika Sahihi Bukhari. Alimtaka awe mpole kwa Waislamu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Alimuagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini ajihadhari na wanyama wa matajiri kama Abdulrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Sababu aliitaja: wanyama wa tajiri wakifa, anayo mitende na mashamba ya kurudia. Wa maskini wakifa, atakuja mlangoni kwa Khalifa pamoja na watoto wake, na hapo itabidi alishwe kwa dhahabu na fedha wakati majani na maji yalikuwa rahisi zaidi.

Kisha Umar akakiri jambo kubwa. Alisema kuwa watu wale wanaona amewadhulumu, kwani ile ni nchi yao, waliipigania zama za Jahiliyya na wakasilimu wakiwa juu yake. Hakukana kwamba ni yao. Aliona kwamba bila ya maslaha ya wote asingewazuilia hata shibiri moja.

5. TURUDI KWENYE SUALI

Sasa tunaweza kumjibu mwenzetu. Je, kumzuia babu kukata ni dhulma? Jawabu ina sehemu mbili, na zote mbili lazima zisemwe.

Kwanza, kuzuia kwenyewe si dhulma kunapokuwa kwa maslaha ya wote. Babu alipokuwa kijana watu walikuwa wachache. Alikata panga moja, akabeba mzigo wa kichwani, akarudi. Shamba la maweni lililimwa, kisha likaachwa miaka mingi likawa msitu tena. Leo watu wameongezeka, shamba halipati muda wa kupumzika, na kuni si za jiko la nyumbani tu. Zipo za makaa ya kuuzwa mjini, za matanuri ya chokaa na za majengo. Kitendo ni kile kile, lakini madhara yake si yale. Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wanazama. Wakizuiwa, wote wanaokoka. Hadithi hii ameipokea Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.). Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Pili, kuzuia kunaweza kugeuka dhulma iwapo kutamlemea mnyonge na kumuacha mwenye nguvu. Akikamatwa mama mwenye kichwa cha kuni na gari ya makaa ikapita usiku, hiyo ni hima ya Jahiliyya hata ikiandikwa kwa wino wa sheria. Mgeni akilipa kiingilio kumtazama kima, na mkulima anayemlisha kima huyo asipate kitu, basi wasia wa Umar umeachwa.

Alhamdulillah, zimekuwepo juhudi za kuliangalia jambo hili. Sheria ya misitu ya Zanzibar Na. 10 ya mwaka 1996 imefungua njia ya wanavijiji kuingia mikataba ya kusimamia wenyewe misitu yao, wakipanga wapi pakatwe na wapi paachwe. Sehemu ya mapato ya wageni wa Jozani imekuwa ikirudishwa kwa vijiji na kwa wakulima wenye mashamba jirani, na kwa njia hiyo baadhi ya huduma za vijiji zimepatikana. Ama iwapo kinachorudi kinalingana na hasara, hilo ni suali ambalo wanavijiji wana haki ya kuliuliza katika mikutano yao, na wasimamizi wana wajibu wa kulijibu kwa hesabu zilizo wazi. Kuuliza si uasi. Al-Abbas aliuliza.

Mwaka 2010 ulianzishwa mradi mkubwa wa misitu hapa Zanzibar ukaitwa HIMA, kwa kifupi cha Hifadhi ya Misitu ya Asili. Jina lile limekusanya maana: ni kifupi cha maneno yetu, ni hima ya Mtume (S.A.W.), na kwa Kiswahili hima ni haraka. Huko Pemba nako, kisiwa cha Misali kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na baadaye wavuvi walifundishwa kukitunza kwa mafunzo ya Qur'an na Sunna. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alifika kisiwani hapo, akakosa mswala wa kusalia, akakifanya kisiwa kuwa ndio mswala wake. Masimulizi ni masimulizi, lakini yamewafanya watu wakiheshimu.

6. WAJIBU WETU

Wapendwa wanafunzi, msiseme haya ni mambo ya masheha na watu wa misitu. Kila mmoja ana sehemu yake.

(i) Anayenunua ni mshirika. Sisi wa mjini hatukati, lakini gunia la makaa linaishia jikoni kwetu. Tupike kwa jiko linalotumia makaa kidogo, tufunike chungu, tuzime moto chakula kikiiva. Israfu imekatazwa hata katika maji ya udhu.

(ii) Tupande. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.). Tena ametuhimiza kwamba aliye na mche mkononi na Kiyama kikasimama, akiweza kuupanda basi aupande. Anayepanda miti ya kuni shambani kwake huupunguzia msitu mzigo.

(iii) Tusichafue. Ukienda ziara Jozani au kwenye daraja la mbao la mikoko, rudi na mfuko wako wa plastiki. Usimlishe kima wala usimguse.

(iv) Tuendeshe taratibu. Mkipita barabara ya Jozani, mkumbusheni dereva kwa adabu.

(v) Tuseme kweli. Ukiona mkubwa anaharibu, usimtazame mdogo peke yake.

HITIMISHO

Katika Suratul Baqara, aya ya 30, Mwenyezi Mungu aliwaambia Malaika kuwa anaweka khalifa ardhini, nao wakauliza kuhusu ufisadi na umwagaji wa damu. Kila mti unaokatwa bila ya haki, na kila mnyonge anayezuiliwa bila ya haki, unaipa nguvu hofu ile ya Malaika.

Mwanafunzi aliyeuliza suali alikwenda kumsomea babu yake darsa hili. Nilipomuuliza babu alisemaje, alinijibu: "Amesema yeye hana neno na kuacha, lakini wa magari waache na wao." Hilo, ndugu zangu, ndilo usia wa Umar kwa maneno ya mzee wa kijijini.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe waaminifu wa amana hii, na atulinde na dhulma, ya kudhulumu na ya kudhulumiwa. Amin.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Taja aina tatu za ardhi zilizomo katika Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na mti mmoja wa msitu wa majimaji.
2. Kwa nini mchu una mizizi inayochomoza juu ya tope?
3. Eleza tofauti baina ya hima ya Jahiliyya na hima ya Kiislamu.
4. Al-Abbas (R.A.) aliomba nini siku ya Ufunguzi wa Makka, na tunajifunza nini?
5. Kwa nini Sayyidna Umar (R.A.) alimtanguliza mwenye wanyama wachache?
6. Waulize wazee nyumbani: kuni au makaa mnayotumia yanatoka wapi? Andika jawabu uje nayo darasani.